Mutuele ya afya: juu ya nini watu wengi hawaingii?

Katika gazeti hili la mwezi sisi wa kilasi cha sita tunataka kujifunza pamoja nanyi jambo moja ambalo linasemwa sana katika mikutano ya wazazi, lakini wengi hawalielewi vizuri. Ni mutuele ya afya. Wengine wanadhani ni kodi mpya. Wengine wanasema ni likelemba tu. Si kodi, wala si likelemba.

Katika likelemba watu kumi wanatoa feza kila mwezi, na kila mmoja anakula kwa zamu yake. Mwisho wa zamu kila mtu amepata ile aliyotoa, haikuzidi, haikupunguka. Katika mutuele mambo iko ingine. Tuseme jamaa 100 zinatoa kila moja franka 10.000 kwa mwaka. Katika sanduku kuna franka 1.000.000. Mwaka ule jamaa 6 zinapata mgonjwa wa kulala hospitali, na kila mgonjwa anaomba franka 150.000. Sanduku linalipa 900.000, zinabaki 100.000. Jamaa 94 hazikupata kitu mkononi. Njo hapa ugomvi unaanza: «Sisi hatukuugua, mturudishie feza yetu!» Lakini feza yao haikupotea. Walinunua mwaka mzima wa kulala bila hofu ya kuuzisha shamba.

Na mashamba yanauzishwa kweli. Mwaka uliopita mwenzetu mmoja aliacha masomo katika muhula wa pili. Mama yake alikuwa amezaa kwa kupasuliwa. Mama alipona, mtoto alipona, lakini hospitali ile haikuwaacha watoke mpaka deni limalizike. Walikaa kule majuma matano, na kila siku ya kukaa iliongeza deni. Baba aliuzisha shamba la migomba, na minervali ya kijana ilitoka katika shamba lile. Hatutaji hospitali, maana desturi hii ya kufunga wagonjwa wasiolipa inajulikana pahali pengi katika inchi yetu. Nao wauguzi wanatuambia: Serikali hailipi wengi wetu vizuri, bila feza ya wagonjwa tutanunua dawa na nini? Wanasema kweli pia. Kwa hiyo kugombeza wauguzi peke yake hakutoshi.

Watu wengi wanafikiri mutuele ni hekima ya Wazungu, wanataja sheria ya Udachi ya mwaka 1883 iliyolazimisha wafanyakazi na mabwana wao kutoa mchango wa ugonjwa. Lakini tuko na mfano wa kwetu. Katika Bwamanda, leo ni jimbo la Sud-Ubangi, mutuele ya hospitali ilianza mwaka 1986, wakati wa Zaire. Mwaka wa kwanza hata theluthi moja ya watu wa zone ile ya afya haikuingia. Baada ya miaka michache walipita nusu. Walifanya namna gani? Kwanza, jamaa yote iliandikwa pamoja, hapana kuandika bibi mwenye mimba peke yake. Pili, mgonjwa alipaswa kupita kwanza kwa kituo cha afya na kupewa barua, kusudi watu wasikimbilie hospitali kwa homa ndogo. Tatu, mgonjwa mwenyewe alilipa asilimia 20, sanduku likalipa zilizobaki. Na feza iliombwa wakati watu wanauzisha mavuno yao. Hata hivyo, watu wa vijiji vya mbali waliingia wachache. Walisema: tutalipa hospitali ambayo hatuwezi kuifikia? Hatuoni namna ya kuwalaumu.

Jambo la wakati wa mavuno linatugusa sana sisi wa Kivu. Kwetu maharagi na mahindi yanavunwa karibu na mwezi wa kwanza na wa pili, tena karibu na mwezi wa sita. Lakini wakubwa wa mutuele nyingi wanapenda kuanza mwaka wao pamoja na mwaka wa kalenda, ao wanakuja mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa! Ni wakati mzazi anatafuta minervali, viatu na madaftari. Anajibu «nitaona kesho», kisha wanaandika katika ripoti kwamba watu wa vijiji hawana elimu ya kutosha. Elimu iko. Feza njo haiko mwezi ule.

Kizuizi kingine ni kile cha kungojea ugonjwa. Tukirudi kwa hesabu yetu: kama ni jamaa 10 tu zinaingia, na ni zile ambazo tayari ziko na mgonjwa nyumbani, sanduku liko na 100.000. Mgonjwa wa kwanza analimaliza, na bado anadaiwa. Mwaka unaofuata wanapandisha mchango, wenye afya wanatoka, mutuele inakufa. Zimekufa nyingi namna hiyo. Ni kwa sababu hii Bwamanda waliandika jamaa yote, na ni kwa sababu hii wanafunga daftari la kuingia baada ya majuma machache.

Jirani zetu ng'ambo ya Ruzizi walienda mbali zaidi. Rwanda walianza kwa kujaribu katika wilaya tatu mwaka 1999. Kisha sheria ikalazimisha kila mtu kuwa na bima ya afya. Tangu mwaka 2011 mchango haukuwa sawa kwa wote: wenye hali ya chini franka zao 3.000, wenye kuwa na kitu zaidi 7.000, na maskini kabisa walilipiwa. Watu zaidi ya 8 kwa 10 wameingia. Hapa njo tofauti kubwa. Kwetu tunaomba mjane na mwenye duka watoe sawasawa, kwa kupenda kwao, halafu tunashangaa mjane haji. Congo iko na sheria ya mutuele ya tarehe 8 Februari 2017, na mwaka 2023 Serikali ilianzisha Kinshasa kuzalisha mama bila malipo. Ni vizuri. Lakini sheria haiweki feza katika sanduku la mjane. Mtu mwengine anapaswa kumlipia: Serikali, ao mwenye duka, ao kanisa kwa sadaka ya mavuno.

Kisha kuna mapokezi. Mwenye karatasi ya mutuele akifika na kuambiwa «ninyi wa bure, ngojeni kule», mwaka ujao hatatoa hata franka moja, naye atawaambia jirani kumi. Kamati inapaswa kuwa na mtu wake hospitalini, mwenye kusikia malalamiko na kukagua bei.

Tumezungumza haya na kamati ya wazazi. Tunaomba kwamba kila mwanafunzi aandikwe pamoja na jamaa yake, mchango utolewe mwezi wa pili na si mwezi wa tisa, na kwamba wasioweza walipiwe na kazi ya shamba la masomo, ile ya siku ya posho. Mwalimu wa hesabu amekubali kukagua daftari mbele ya watu wote kila miezi mitatu. Wazazi wamekubali mambo ya mwezi na ya shamba. Jambo moja limebaki, nani ataweka funguo za sanduku. Sisi tunataka funguo mbili kwa watu wawili wasiokuwa wa jamaa moja. Mkutano ni posho ya pili ya mwezi ujao, saa tatu, katika kilasi cha ine. Wanafunzi wa bwenini, waandikieni wazazi wenu kabla ya siku ile.