Dawa ya Mifupa Kutoka Baharini: Imefika Wapi?

Mzee akiteleza shambani hapa Kathonzweni na kuvunjika nyonga kwa kuanguka kidogo tu, mara nyingi mifupa yake ilianza kudhoofika miaka mingi kabla. Mfupa una uhai. Kuna seli zinazoubomoa na nyingine zinazoujenga upya. Umri unaposonga, hasa kwa mama aliyekoma hedhi, wabomoaji huwashinda wajenzi.

Wabomoaji hao ndio wanasayansi wanaowatafutia dawa baharini. Matumbawe laini ni wanyama wadogo wanaoishi kwa makundi miambani, hata katika pwani yetu ya Kenya. Kwa kuwa hawana ganda gumu la kujikinga, wengi hutoa kemikali zinazowafukuza samaki. Mwaka 2017 watafiti wa Taiwani walieleza kwamba kemikali moja ya matumbawe hayo, ekskavatolaidi B, ilipunguza seli zinazobomoa mfupa na uharibifu wa viungo kwa panya wenye ugonjwa wa baridi yabisi.

Panya, si watu. Safari ya dawa ni ndefu: sitarabini, inayotibu saratani ya damu, ilitokana na kemikali za sifongo wa baharini zilizogunduliwa mapema miaka ya 1950, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1969.

Kwa hivyo ukiuziwa sokoni kopo la "unga wa bahari" wa kutibu mifupa, jihadhari. Dawa za maungo zisizo na maelezo zimewahi kupimwa katika nchi mbalimbali zikakutwa na steroidi. Maumivu hutulia haraka, mnunuzi akafurahi, lakini zikitumiwa muda mrefu steroidi hudhoofisha mifupa ile ile. Aliyezizoea asiziache ghafla, maana hiyo nayo ni hatari. Aende hospitalini na kopo lake mkononi.

Chakula cha mifupa kipo karibu zaidi. Gramu 100 za wimbi zina takriban miligramu 340 za kalisi, ilhali mahindi ya muthokoi hayafikishi hata 30. Mtu mzima anahitaji takriban 1,000 kwa siku. Maziwa, mboga za kunde na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao huongeza. Kutembea na kubeba mizigo ya kiasi pia huimarisha mfupa.

Mama anayeona kimo chake kimepungua, mgongo umeanza kupinda, au aliyevunjika kifundo cha mkono kwa kuanguka kidogo, amweleze daktari mapema, kabla ya nyonga.