Supu ya Kuku Salama Nyumbani

Nyumba nyingi hupika supu ya kuku kwa ajili ya mama aliyejifungua, mgonjwa, mzee au mtoto anayeanza kula. Hao ndio wanaodhurika haraka supu ikiandaliwa vibaya, kwa hiyo tunaomba maelekezo haya yafuatwe kikamilifu.

Kabla ya sufuria

Kuku aliyezubaa, anayeharisha kijani au aliyekutwa amekufa bandani asiliwe, hata kama ni hasara.

Mtoe utumbo taratibu usipasuke. Humo ndimo wanamoishi bakteria wa salmonela na kampilobakta, wanaoleta kuhara na homa. Baada ya kumnyonyoa na kumbabua, msuuze kwenye beseni. Usimsuuze bombani, maana matone huruka hadi kwenye vyombo na kachumbari. Kuku wa dukani aliyekwisha safishwa hahitaji kuoshwa tena. Kisu, ubao, beseni na mikono vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine.

Motoni

Kuku wa kilo 1.5 mtilie lita 3 za maji baridi na chumvi kidogo. Maji yakichemka, engua povu, kisha punguza moto supu itokote polepole. Kuku wa kisasa aliyekatwa vipande huiva kwa dakika 40 hivi. Jogoo wa kienyeji aliyekomaa hutaka saa 2 au zaidi, na muda huo haupotei bure: ngozi na maungio hulainika, supu ikawa nzito na tamu. Tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga vinatosha kuikoleza. Ndimu ikamuliwe mezani.

Wapo wanaotia vidonge vya parasetamo ili nyama ilainike upesi. Tunakataza kabisa. Dawa hiyo ikizidi huharibu ini, na mnywa supu hajui amemeza kiasi gani. Kipande cha papai bichi hufanya kazi hiyo bila madhara.

Toboa paja karibu na mfupa. Maji yakitoka mekundu, endelea kupika. Ndani kabisa nyama ifikie nyuzi joto 70.

Supu iliyobaki

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Sufuria hufunikwa na kuachwa jikoni usiku kucha kwa imani kwamba kilichochemka ni salama. Wapo bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Supu ikiwa vuguvugu huzinduka na kuzaana kwa kasi. Sufuria kubwa hukaa vuguvugu kwa saa nyingi.

Gawa supu kwenye vyombo vidogo, vikalishe kwenye beseni la maji baridi, koroga, kisha weka kwenye friji kabla ya saa 2 kupita. Siku ya pili ichemke tena vizuri, na upashe kiasi cha mlo mmoja tu. Asiye na friji apike kinachotosha siku hiyo, ziada awagawie majirani ingali ya moto. Iliyolala juu ya jiko lililozimika imwagwe, hata kama bado inanukia vizuri.