Somo lako la kulipia likivuja: nilichojifunza baada ya PDF yangu kuuzwa na mtu mwingine

Leo siongelei unga wala sukari. Naongea na wewe unayeuza kitu kwa njia ya simu: somo la keki, simulizi ya sehemu kwa sehemu, mafunzo ya kufuga kuku, notsi za wanafunzi. Kile kitu ambacho mteja akishalipa unamtumia WhatsApp, na yeye akitaka anamrushia mwenzake hapohapo.

Mimi nina duka la rejareja hapa Murusagamba. Niliandika somo la kurasa 24 nikaliita Daftari la Duka: namna ya kuandika mauzo, madeni na mzigo bila kuwa mhasibu. Uhasibu sijausoma, nimeishia kidato cha nne, nilijifunza kwa kupoteza mtaji. Nikauza PDF kwa shilingi 3,000. Ndani ya wiki tano nikapata wateja 41, wa Rulenge, Kabanga, Ngara mjini, hadi Biharamulo. Hiyo ni 123,000, na nilishaanza kuipigia hesabu ya friza. Halafu wateja wakakata ghafla.

Siku ya gulio dada mmoja akaja kuchukua sabuni. Akaniambia, "Kaka, asante kwa lile somo lako. Nimelinunua kwa wakala wako kwenye grupu letu la kikoba, buku tu." Mimi sina wakala. Akanionyesha simu. Ukurasa wa kwanza umeondolewa, namba yangu imefutwa, mtu kaweka ya kwake.

Niseme ukweli wangu hapa. Kabla ya duka nilikuwa na kompyuta ya kujazia watu nyimbo na muvi kwenye memori kadi, 500 kwa memori. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza msanii anapata nini. Kwa hiyo nilikasirika, lakini nilijicheka pia.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuweza kujua nani alivujisha. Nakala zote 41 zilikuwa zinafanana. Nilibaki namshuku kila mtu, hadi mteja wangu wa muda mrefu ambaye baadaye niligundua hata hakuwahi kulifungua.

Nilianza kutafuta kufuli. Nenosiri kwenye PDF halisaidii, anayetuma faili anatuma na nenosiri lake. Picha ya WhatsApp ya kuangalia mara moja haisambazwi wala haipigwi skrinishoti, ila simu ya pili inaipiga picha vizuri tu. Telegram tangu Desemba 2021 inamruhusu mwenye chaneli kuzuia watu wasisambaze wala kuhifadhi. Hiyo itumie, inawazuia wavivu, na wavivu ndio wengi. Lakini kama mtu anaweza kukiona kitu, anaweza kukinakili. Ukishakubali hilo utaacha kupoteza bando kutafuta programu za ajabu.

Sasa nafanya hivi. Kila mteja anapata nakala yake. Nafungua faili kwenye simu, naweka jina lake, tarakimu tatu za mwisho za namba yake na tarehe, kisha nahifadhi kama PDF. Jina liwe katikati ya ukurasa kwa rangi hafifu, kila ukurasa, maana la chini watalikata. Kazi ya dakika tatu. Usiweke namba nzima: nakala ikivuja utakuwa umesambaza namba ya mteja wako, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na mwambie kabla hajalipa kwamba jina lake litakuwemo. Wengine watasita. Anayesita muulize kwa nini.

Kuna na mtego mdogo. Kwenye mfano mmoja wa hesabu nabadilisha bei: nakala hii mche wa sabuni ni 2,950, ile ni 3,050. Naandika kwenye daftari nani kapata ipi. Hata mtu akiandika upya somo lote kwa mkono wake, bei ile inamchongea.

Jambo la pili limenisaidia kuliko yote: sitoi kila kitu kwa mkupuo. Somo linakwenda wiki nne kwenye grupu ambalo admini peke yake ndiye anatuma. Sitoi linki hovyo. Namuunga mtu mwenyewe baada ya kuona meseji ya muamala, nimewasha ile ya admini kuidhinisha wanaoingia, na linki ikivuja naibadilisha. Kila Jumapili mwanafunzi ananitumia picha ya daftari lake nami naangalia amekosea wapi. Hiyo huwezi kumfowadia jirani, kwa sababu ni daftari lako na deni la mteja wako. Nachaji 5,000 na watu wanalipa. Ubaya wake ni kwamba inachosha. Nachukua watu 15 tu kwa awamu, zaidi ya hapo duka linalala.

Kuhusu sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inakulinda tangu unapoiandika kazi yako, hata kama hujasajili. Kusajili COSOTA kunakupa ushahidi. Lakini wazo halilindwi: mtu akifundisha kuandika madeni kwa maneno yake, muache, hajakuibia. Akichukua maneno yako, hapo sawa. Na akifanya kwa njia ya mtandao kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 24, ambayo humbana zaidi anayefanya kibiashara. Tunza rasimu, daftari la mkono na meseji za mauzo zenye tarehe.

Yule "wakala" sikumpeleka polisi, nauli ingekula faida. Nilipiga skrinishoti ya tangazo lake kwanza, ndipo nikamwandikia kwa adabu: hii ni kazi yangu, rasimu ninazo, naomba uache kuiuza na uwaambie wanakikoba mwenye nayo ni nani. Akajibu kwamba alidhani ni ya bure kwa kuwa aliikuta mtandaoni. Jioni akaifuta. Angeanza na matusi, ile skrinishoti ingekuwa na kazi.

Toleo jipya limevuja mara moja tu mpaka sasa. Lilikuwa na jina katikati. Nikampigia mama mwenyewe, akashtuka, kumbe shemeji yake aliazima simu. Siku mbili baadaye muamala wa 5,000 ukaingia, jina la shemeji.