Kitambulisho Kikipotea Ng'ambo: Maswali ya Wavukaji wa Port Victoria, Busia na Malaba

Asubuhi na mapema ufuoni Port Victoria, mashua hujaa wachuuzi wa omena, mafundi wa injini na akina mama wenye mafurushi ya mitumba. Wengine wanakwenda Sigulu na Lolwe, visiwa vya wilaya ya Namayingo nchini Uganda. Wengine wanakwenda Majanji. Wale wasioyaamini maji hupanda matatu hadi Busia au Malaba na kuvuka kwa miguu. Wengi wao hawana pasipoti. Wanabeba kitambulisho cha taifa, kwa kuwa tangu Januari 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zinawaruhusu raia wake kusafiri baina yao kwa kadi hiyo. Ni nafuu kubwa, lakini ina tatizo lake: kadi ile ile inayokufungulia mpaka ndiyo unayoitegemea kutoa pesa, kulala gesti na kujieleza kwa polisi. Ikidondoka ng'ambo, mtu hubaki na jina mdomoni tu.

Maswali yafuatayo ndiyo yanayoulizwa sana kuhusu jambo hili.

Nilikwenda Sigulu kuuza nguo. Wakati wa kupakia mashua jioni nikagundua kipochi changu hakipo, na kitambulisho kilikuwa ndani. Ningefanya nini kwanza?

Pole sana, mama. Kwanza, mtu asipande mashua ile. Najua jua linazama, nahodha anapiga kelele na watoto wako nyumbani. Lakini dakika unayoondoka kisiwani bila kusema neno, umepoteza mashahidi wote wanaojua kwamba ulifika pale na kadi halali.

Mtafute mwenyekiti wa LC1 wa kijiji ulichouzia. Kwa upande wa Uganda huyu ndiye mlango wa kwanza wa serikali, na karatasi yake yenye muhuri inaheshimiwa kituoni. Mweleze jina lako kamili, umetoka wapi, umekuja na mashua ya nani, na mara ya mwisho ulikiona wapi kipochi. Kisha nenda naye, au na barua yake, hadi kituo cha polisi kilicho karibu ili upotevu uandikwe kitabuni. Omba karatasi inayoonyesha kwamba umeripoti. Ukiwa na nambari ya kitambulisho kichwani au kwenye simu, itaje, maana afisa akiandika nambari badala ya "kadi ya Kenya" karatasi yako inakuwa na nguvu maradufu.

Jambo la pili ni kumpigia mtu wa nyumbani. Kama mashua yenu imesajiliwa na kamati ya ufuo, yaani BMU, mpigie mwenyekiti wake. Yeye anamjua mwenye chombo, na mara nyingi anakujua wewe pia. Neno lake kwa simu, afisa akisikia, limewahi kuwatoa watu kwenye benchi la kituo kabla ya giza.

Na kipochi chenyewe kitafutwe. Watu huanza kuhangaikia polisi wakasahau kurudi kwenye kibanda walichonywea chai.

Mbona nisirudi kimya kimya tu? Ziwani hakuna geti, na Busia kuna njia za panya tele.

Ni kweli zipo. Anayeijua Busia anajua vichochoro vya Sofia vinakotokea. Lakini fikiria unachokifanya. Kwa sasa wewe ni mtu halali aliyepoteza kadi. Ukipita njia ya panya bila karatasi yoyote, umejigeuza mtu aliyevuka mpaka kinyume cha sheria, na ukishikwa katikati huna cha kuonyesha kwamba ulianza safari yako vizuri. Kosa ambalo hukuwa nalo saa moja iliyopita, sasa unalo.

Ziwani hatari ni kubwa zaidi kwa sababu doria za nchi zote mbili zinasimamisha mashua, na mvuvi au mchuuzi asiye na kitambulisho ndiye wa kwanza kushushwa. Ugomvi wa Kenya na Uganda juu ya kisiwa cha Migingo umewafanya maafisa wa pande zote kuwa wepesi wa kushuku. Sipendi kuwatisha watu wanaotafuta riziki, lakini hili nalisema kwa nguvu: karatasi ya polisi ya Uganda, hata iwe imeandikwa kwa mkono, ni bora kuliko giza.

Ukishikwa hata hivyo, usikimbie wala usitaje jina la uongo. Katiba ya Uganda inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Ya Kenya inasema saa 24. Kama Mkenya uliyezuiliwa Uganda, una haki ya kuomba ubalozi wa Kenya ulioko Kampala ujulishwe. Haki hiyo imo katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kibalozi.

Nikiwa nimevuka kwa Busia au Malaba, niripoti ofisi ya upande gani?

Hapa watu wengi huchanganyikiwa, na si kosa lao. Tangu vituo vya pamoja vianze kazi (cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018), mtu husimama mara moja tu, na husimama katika nchi anayoingia. Ukienda Uganda unalipita jengo la Kenya, unahudumiwa ng'ambo: afisa wa Kenya anakutoa, na wa Uganda, akiwa ndani ya jengo hilo hilo, anakuingiza. Ukirudi, kazi yote inafanyika upande wa Kenya, na maafisa wa Uganda wa kukutoa wamo humo.

Kwa hiyo kama kadi imepotea sokoni Busia Uganda, ripoti kwanza polisi wa kule kule, chukua karatasi, kisha njoo nayo hadi jengo la Kenya ujieleze kwa uhamiaji. Sema mapema kwamba ulipita pale pale mpakani na saa uliyopita, maana ukiwa uliandikishwa wakati wa kutoka, jina lako limo ndani ya mfumo wao. Ibara ya 39 ya Katiba ya Kenya inampa kila raia haki ya kuingia nchini. Afisa hana sababu ya kukufukuza. Anachohitaji ni kuridhika kwamba wewe ni raia kweli. Msaidie: taja nambari, mahali ulipozaliwa, kata, jina la chifu wako. Onyesha picha ya kadi kama unayo. Kama nduguyo anaweza kuja na cheti chako cha kuzaliwa, mwite.

Aliyepotelewa mbali zaidi, tuseme Kampala au Mbarara, naye anahitaji kusafiri na karatasi inayotambulika, asirudi mpakani hivi hivi. Aende ubalozini Kampala. Balozi zetu hutoa hati ya dharura ya kusafiria kwa raia waliokwama.

Mpwa wangu anafanya kazi kwenye meli za watalii zinazotia nanga Mombasa. Anasema abiria akipoteza kadi ya chumba mjini, hupewa nyingine pale pale mlangoni. Mbona sisi tunateswa?

Swali zuri, na ndilo linaloonyesha kasoro yetu iko wapi. Kadi ile ya meli ni ufunguo wa chumba, ni njia ya kulipia vitu ndani ya chombo, na ndiyo inayosomwa na mashine abiria anaposhuka na kupanda. Akiipoteza Old Town au sokoni Marikiti, anarudi bandarini, anataja jina na nambari ya chumba, na askari wa mlangoni anaangalia kioo. Pale kuna picha ya uso wake iliyopigwa siku alipopanda, na alama kwamba alishuka asubuhi. Kadi ya zamani inafungwa, mpya inachapishwa. Shida inaweza kumpata tu akiwa hana kitambulisho kingine cha kumpitisha geti la bandari, na ndiyo maana wasafiri wazoefu hushuka na kitu cha pili chenye picha.

Kinachomwokoa ni kwamba jina lake lilibaki nyuma kabla hajashuka. Kadi inabeba tu habari ambayo meli tayari inayo.

Sasa jiulize mashua inayotoka Port Victoria inaacha nini nyuma. Mara nyingi, hakuna. Nahodha anahesabu vichwa kwa ajili ya nauli, basi. Hili linaniuma kwa sababu ziwa hili limeshatufunza kwa gharama kubwa. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na hadi leo idadi kamili ya waliokufa inabishaniwa. Familia zililia watu ambao hakuna karatasi iliyosema walipanda. Orodha ya majina kumi na tano kwenye daftari la shule, ikaachwa na BMU kabla mashua haijang'oa nanga, ingewasaidia waliopoteza kadi, na siku ya dhoruba ingewasaidia waokoaji. Kalamu na daftari havizidi bei ya sahani ya samaki. Nawasihi wenyeviti wa fuo za Bunyala na Samia walianze hili wenyewe bila kungoja amri kutoka juu.

Picha ya kitambulisho kwenye simu inatosha kuvuka?

Haitoshi. Lakini uwe nayo, pande zote mbili za kadi, na umtumie mtu mmoja unayemwamini, maana simu na kadi hupotea pamoja.

Nimefika nyumbani salama. Sasa nifuate nini ili nipate kingine?

Anza na polisi wa Kenya. Peleka karatasi uliyopewa Uganda, upotevu uandikwe kwenye OB, yaani kitabu cha matukio, kisha uombe abstrakti, hati ya polisi inayothibitisha kwamba umeripoti. Abstrakti ya kitu kilichopotea haina ada. Ukiambiwa utoe "ya karatasi", omba risiti na utaona mazungumzo yanavyobadilika. Kisha nenda ofisi ya usajili wa watu au Huduma Centre ya Busia ukiwa na abstrakti hiyo na nakala ya kitambulisho cha zamani kama unayo. Alama za vidole zitachukuliwa upya. Ada ya kubadilisha kadi iliyopotea ilipandishwa mwaka 2024 hadi shilingi 1,000, kutoka 100 ya zamani, na hulipwa kupitia eCitizen, si mkononi mwa mtu. Ni pesa nyingi kwa muuza omena. Utapewa karatasi ya kusubiri. Itunze vizuri, lakini usiitegemee kuvukia. Kama kazi yako haiwezi kungoja na una pasipoti, tumia hiyo kwa muda huo.

Na pesa zangu? Simu ninayo, ila wakala amekataa kunitolea.

Wakala yuko sahihi, anatakiwa kuona kitambulisho halisi. Tuma pesa kwa namba ya ndugu mnayeaminiana, yeye atoe kwa kadi yake.

Kinachotakiwa kukutia wasiwasi zaidi ni aliyeiokota kadi. Anaweza kujaribu kusajilia laini na kukopea pesa kwa simu. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, iripoti kwa kampuni ya simu siku hiyo hiyo. Rudia tena baada ya wiki kadhaa. Abstrakti yako hapa ina kazi nyingine ambayo watu hawaifikirii: ina tarehe. Deni au kosa likifanyika kwa kadi hiyo baada ya tarehe ile, una cha kuweka mezani.

Mimi ni Mganda, nilipoteza kadi yangu Busia Kenya.

Njia ni ile ile kwa kugeuza pande: ripoti polisi wa Kenya, pata abstrakti, nenda nayo jengo la upande wa Uganda, kisha NIRA, mamlaka ya vitambulisho ya Uganda, kwa kadi mpya.

Bidhaa zangu zilikuwa na cheti. Kimepotea pamoja na kitambulisho. Mzigo utazuiliwa?

Cheti cha bidhaa na kitambulisho ni mambo mawili, na forodha haipaswi kuyachanganya. Kama mzigo wako hauzidi thamani ya dola 2,000 za Marekani na ni bidhaa za Afrika Mashariki zilizo kwenye orodha ya biashara ndogo, eleza kilichotokea na uombe cheti rahisi cha asili kiandikwe upya pale pale mpakani. Hakiuzwi. Usikubali mtu wa kati akuambie kwamba kwa kuwa huna kitambulisho, mzigo wako sasa ni wa magendo.

Nimeokota kitambulisho cha mtu ndani ya mashua. Watu wananiambia nidai "asante" kabla ya kukirudisha.

Usidai, ndugu yangu. Mwenyewe akikupa soda kwa hiari yake, pokea. Kukaa na kadi ya mtu ukimngoja alipe kunakuweka wewe pabaya mbele ya polisi, na yeye huenda amekwama ng'ambo wakati huu unaposoma.

Kipeleke kituo cha polisi au kwa chifu. Ukitaka habari zienee upesi, waambie watangazaji wa Bulala FM, redio ya jamii ambayo watu wa Budalang'i wanaisikiliza, wataje jina. Wengi sasa hupiga picha kadi wakaisambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Nia ni njema, ila funika nambari na tarehe ya kuzaliwa kwa kidole kabla ya kupiga, acha jina na uso tu vionekane. Na mtu akija akisema ni yake, mwulize tarehe hiyo uliyoificha kabla ya kumkabidhi.