Kanieneo Inapopungua katika Injini ya Tabochaja

Injini haiwezi kuunguza kikamilifu mafuta yanayozidi kiasi cha oksijeni iliyomo katika silinda zake. Ili kuongeza hewa hiyo hutumiwa tabochaja, ambayo asili yake ni hataza ya mwaka 1905 ya mhandisi Alfred Büchi wa Uswisi. Gesi za moshi huzungusha turbini. Turbini nayo, kwa mhimili mmoja, huzungusha kompresa inayoshindilia hewa ndani ya injini.

Kwenye usawa wa bahari, kanieneo ya angahewa ni kilopaskali 100 hivi. Geji ya tabochaja ikionyesha 60, kanieneo kamili ni 160. Kama halijoto isingebadilika, silinda ingepokea hewa mara 1.6 ya kawaida. Lakini hewa ikishindiliwa hupata joto na kutaka kutanuka. Kwa hiyo magari mengi huwekewa kipoza hewa.

Gari likipoteza nguvu mlimani, wengi hukimbilia kununua tabochaja mpya kwa gharama kubwa. Uchunguzi wenye utaratibu huanzia kwenye sehemu zilizo rahisi:

1. Chujio la hewa. Likiziba, kompresa hukosa hewa ya kushindilia.

2. Mipira kati ya kompresa na injini. Ufa au klampu iliyolegea huvujisha hewa, mara nyingi kwa mlio wa filimbi. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, hewa ya kanieneo ndogo huingizwa katika mipira iliyopakwa maji ya sabuni. Mapovu huonyesha palipotoboka.

3. Bomba la moshi kabla ya turbini. Gesi zikivuja hapo, turbini hupungukiwa na nishati.

4. Vali ya kando, ambayo huipitishia gesi pembeni mwa turbini. Ikikwama wazi, kanieneo haipandi.

5. Mhimili na mafuta yake. Mafuta machafu au machache huharibu beringi. Chanzo kisiporekebishwa, tabochaja mpya nayo itakufa.

Jambo moja lahitaji kufikiriwa kwa makini. Katika mtambo wa kawaida wa springi na kiwambo, springi huifunga vali ya kando, na kanieneo ya kompresa, ikipita katika mpira mdogo, hukisukuma kiwambo ili kuifungua. Mpira mkubwa ukipasuka, kanieneo ya injini hupungua. Mpira mdogo ukipasuka, kanieneo huzidi, kwa kuwa vali haipati amri ya kufunguka. Kosa moja, matokeo mawili yaliyo kinyume. Hali hii ya pili ndiyo ya hatari zaidi, kwani inaweza kutoboa pistoni. Gari lisiendeshwe mpaka litengenezwe.

Zoezi: Katika mji ulio mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya angahewa ni kilopaskali 84 hivi. Geji ikionyesha 60 vilevile, tafuta kanieneo kamili. Je, kompresa inashindilia hewa kwa uwiano mkubwa au mdogo kuliko pwani? Eleza.