SOMO LA KIKUNDI: "Mtoto Alidungwa." Alidungwa Nini?



Tukimwuliza mama kama mtoto amepata chanjo, mara nyingi anajibu, "Ndiyo, alidungwa." Sisi tunaridhika, tunaenda nyumba nyingine. Hapo ndipo tunapokosea.

Kudungwa ni kuchomwa sindano tu. Mtoto mgonjwa hudungwa ili apone. Chanjo ni kinga: hufundisha mwili kupigana na ugonjwa kabla haujafika. Sindano ya homa ya juzi haimkingi mtoto na surua, na surua huua.

Tena si kila chanjo hudungwa. Kuna matone ya polio, na ya kuzuia kuhara, yanayotiwa mdomoni. Hayo pia ni chanjo kamili.

Neno chanjo latokana na kuchanja, yaani kukata ngozi kidogo. Wazee walichanja na kupaka dawa. Chanjo ya ndui nayo ilipitishwa kwenye ngozi ya mkono, na mwaka 1980 ndui ikatangazwa kuisha duniani.

Basi tusiulize tu, "Amedungwa?" Tuulize, "Alipewa chanjo gani, na lini?" Kisha tuombe kijitabu cha kliniki, tusome pamoja na mama. Chanjo ya surua ni mara mbili: miezi 9 na miezi 18. Hiyo ya pili wengi huisahau.

Tujadiliane:
1. Hapa kwetu chanjo tunaiitaje?
2. Nani ana mtoto aliyepita miezi 18? Mkutano ujao aje na kijitabu.