Uvishaji Sukari wa Protini katika Bakteria wa Utumbo: Mfano wa Campylobacter jejuni

Kwa miaka mingi wanabaiolojia wengi waliamini kwamba kuunganisha sukari na protini ni kazi ya seli zenye kiini, yaani seli za wanyama, mimea na kuvu. Imani hiyo ilitikiswa mwaka 1999, pale Christine Szymanski na wenzake walipotoa ushahidi kwamba bakteria aitwaye Campylobacter jejuni ana mfumo kamili wa kazi hiyo. Bakteria huyu aliyejipinda huishi katika utumbo wa kuku. Aingiapo mwilini mwa binadamu kwa nyama isiyoiva, maziwa mabichi au maji machafu, huleta homa, msokoto wa tumbo na kuhara, pengine kuhara damu.

Kabla ya kueleza mfumo wenyewe, yafaa kuamua jina lake. Kuutohoa kama 'glaikosilisheni' ni rahisi, lakini neno hilo halimwambii msomaji lolote. 'Utiaji sukari' nao unapotosha: sukari itiwayo katika chai huyeyuka ikapotea, ilhali hapa sukari hufungamana na protini mahali maalumu, ikabaki hapo. Makala haya yanapendekeza 'uvishaji sukari', kwa kuwa kinachovishwa hubaki kile kile, ila sura yake na mahusiano yake na wengine hubadilika. Hata hivyo, ni lazima kutaja kinachovishwa. Campylobacter huyu huyu huvisha sukari mafuta ya utando wake wa nje pia, na baadhi ya sukari hizo hufanana na zile za neva za binadamu. Kinga ya mwili ikishambulia moja, huweza kushambulia na nyingine, mgonjwa akapooza kwa maradhi ya Guillain-Barré. Hilo ni jambo tofauti na uvishaji wa protini, na istilahi isiyopambanua mawili haya haifai.

Mfumo wenyewe huanzia ndani ya seli. Sukari saba hutungwa moja baada ya nyingine, mithili ya shanga, juu ya molekuli ya mafuta iliyo kwenye utando: ya kwanza ni basilosamini, tano zinazofuata ni za aina moja, na glukosi huning'inia pembeni kama tawi. Mtungo ukikamilika hupinduliwa hadi upande wa pili wa utando, ambako kimeng'enya PglB huuhamisha wote kwa mkupuo na kuupachika kwenye asidi amino iitwayo asparajini.

Si kila asparajini hupachikwa, na hapa mwanaisimu atajihisi yuko nyumbani. Katika seli za binadamu, sharti ni kwamba baada ya asparajini, ikirukwa nafasi moja, ifuate serini au threonini. PglB huongeza sharti jingine: nafasi mbili kabla ya asparajini iwepo asidi aspatiki au glutamiki. Prolini haikubaliwi katika nafasi za kati. Ni kama upatanisho wa kisarufi, ambapo kiambishi hakijiamulii chenyewe bali hutegemea jirani zake.

Protini zaidi ya 60 za Campylobacter huvishwa kwa njia hii. Jeni za mfumo huu zikiharibiwa, bakteria hushindwa kustawi katika utumbo wa vifaranga, na uwezo wake wa kunata kwenye seli za binadamu na kuzipenya hupungua. Vazi hilo pia huzikinga protini zake dhidi ya vimeng'enya vya utumbo. Mikia yake ya kuogelea huvishwa kwa mfumo mwingine, bila mtungo wa saba; ikikosa sukari zake haiundiki, na bakteria asiye na mkia hafiki mbali.

Mwaka 2002 Michael Wacker, Markus Aebi na wenzao waliuhamishia mfumo wa PglB katika Escherichia coli, nao ukafanya kazi. Ikadhihirika kwamba kimeng'enya hiki hakichagui sana mtungo wa kuhamisha. Kikipewa sukari za Shigella, bakteria wa kuhara damu, huziunganisha na protini ya kubebea, na zao lake likawa chanjo. Chanjo ya namna hiyo, iliyobeba sukari za aina nne za Shigella, imefanyiwa majaribio nchini Kenya, yakiwahusisha hata watoto wachanga wa miezi 9.